Flashi Uliyoikuta Kwenye Droo

Ifrah, hooyo,

Salamu nitakupa mwishoni. Leo nina hasira, na salamu ya mtu mwenye hasira haina baraka. Umeenda kuwaaga shangazi zako na najua watakushika mpaka Magharibi, kila mmoja na dua yake na sahani yake ya halwa, kwa hiyo ninao muda. Nimekaa mkekani. Sanduku lako liko mbele yangu, nimelizungushia kamba ya manila ingawa zipu yake ni nzima, kwa sababu mimi ni mama yako, hooyo unayeniita nami nikakuita vivyo hivyo, na siamini zipu.

Mambo ya kula na kuvaa sitayaandika. Una miaka ishirini na miwili. Ukishindwa kujipikia wali huko Nairobi, shauri yako. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kuandika shuleni. Kisomali nimekuwa nikikisema tu, na haya nimeshindwa kuyasema kwa miaka kumi na mitatu.

Unakumbuka wiki tatu zilizopita. Ulikaa papa hapa na kompyuta yako mapajani, ukijizoeza kazi unayoiendea kesho, kazi ya kufungua simu na kadi za watu na kuiandikia mahakama kilichomo. Ulikuwa umeikuta flashi kwenye droo ya cherehani, ile nyekundu iliyopasuka kifuniko, imefungwa kwa mpira. Uliishughulikia vizuri, sikunyimi haki yako. Uliichomeka kupitia kile kidude kinachoruhusu kusoma na kuzuia kuandika. Ulitoa nakala yake nzima, mpaka vilivyofutwa, na programu ikakupa ile namba ndefu ambayo ni kama muhuri, kwamba nakala ikiguswa hata herufi moja namba itabadilika. Ulinieleza yote hayo taratibu, kana kwamba sijawahi kuona umeme. Mimi, niliyekushika mkono siku ya kwanza ulipogusa kibodi.

Kisha ukaifungua nakala ndani ya ile kompyuta bandia iliyo ndani ya kompyuta yako, ambamo ugonjwa hauwezi kutoka ukaambukiza vingine, na ukaanza kucheka.

"Hooyo, njoo uone kirusi cha zamani! Kinaficha folda zote, halafu kinaweka njia za mkato za uongo zenye majina yale yale. Mshamba gani alikuwa anatembea na hii?"

Mshamba huyo ni mimi, Ifrah.

Nilikuuliza, nikijitia sijali, "Na ikiwa folda imefichwa, mwenyewe akisema si yeye aliyeificha?" Hukuinua hata macho. Ukasema, "Kifaa hakidanganyi, hooyo." Ndipo nikakufungia kompyuta, nusura nikubane vidole, nikaichomoa flashi na kwenda nayo jikoni. Uliwaambia shangazi zako kwamba hooyo ana huzuni kwa kuwa unaondoka. Sikuwa na huzuni hata chembe. Nilikuwa na hasira.

Nitakuambia nilichokifanya jikoni. Niliitia flashi kwenye kinu cha iliki na nikaushika mchi. Nilikuwa nimeshauinua wewe uliposema kutoka sebuleni, kwa sauti yako ya upole ya kutafuta amani, "Hooyo, ukiihitaji chukua tu. Nakala yake ninayo." Nikauweka mchi chini. Kwa hiyo usije ukafikiri nakuandikia kwa sababu nimekuwa mtu mwema. Nakuandikia kwa sababu una nakala.

Sasa soma polepole.

Ulipokuwa mdogo nilikuwa na kibanda karibu na soko la mifugo. Watu husema nilikuwa fundi wa simu. Nilibadilisha betri na vioo, ndiyo, lakini kazi kubwa ilikuwa kujaza memori kadi. Mtu aliyeleta ngamia sokoni akirudi porini harudi mjini kwa miezi, na huko aendako hakuna mtandao. Alichotaka ni kadi iliyojaa. Angeiweka mezani na kusema, "Jaza." Nimjazie nini? "Jaza yote." Basi nilimjazia mashairi ya wazee, nyimbo za kunyweshea ngamia, Qurani, mawaidha, hadithi za kuchekesha, naye angeondoka nayo kwenye simu ndogo iliyoning'inia shingoni, asikilize kisimani na njiani.

Hayo yote niliyatoa wapi? Kwao wenyewe. Kadi ya mteja ikifika mezani, kabla sijaijaza nilinyonya kwanza kilichokuwemo, nikakiingiza kwenye kompyuta yangu. Sikuomba ruhusa na sikusikiliza. Sauti ya mwanamume anayezungumza bila muziki ilikuwa mawaidha kwangu, imeisha, naitupa kwenye folda ya Mawaidha Mapya. Folda ikijaa naanza nyingine, namba mbili, namba tatu. Nilifika namba tisa. Nani angesikiliza yote hayo? Watu walisifu kwamba kwa Habiba kuna kila kitu, na mimi sifa nilizipenda. Kweli kulikuwa na kila kitu.

Kirusi nacho kilikuwa pale, kama kilivyokuwa kwenye kila kompyuta mjini. Wateja walirudi wakilalamika, "Habiba, nyimbo zangu zimepotea." Hazikupotea. Kirusi kilikuwa kimezificha folda na kuweka picha za uongo mahali pake, kama ulivyoona. Nilijifunza ule mstari wa amri unaoandikwa kwenye dirisha jeusi la kompyuta ili kuzitoa mafichoni, na niliujua kama ninavyojua jina la baba yangu. Aliyerudi nilimtolea. Aliyekwenda mbali hakurudi, na mimi sikumfikiria tena.

Mjomba wako, abti Dahir, alikuwa mmoja wa waliokwenda mbali.

Alikuja kuniaga siku moja akienda na ngamia upande wa Modogashe. Aliitupa kadi mezani na kuniita dada kwa lugha yetu, "Abaayo, jaza." Ndugu yangu wa tumbo moja, mdogo wangu, sikumuuliza hata anataka nini. Niliburuta folda zote kwa pamoja, akanywa chai wakati kompyuta inahangaika, akakubusu utosini na kuondoka. Hakuchagua hata wimbo mmoja.

Miezi michache baadaye kulikuwa na msako barabarani. Lori alilopanda lilisimamishwa na simu za abiria wote zikakusanywa. Kwenye kadi yake, ndani ya Mawaidha Mapya namba saba, walikuta sauti ya mtu akiwahimiza vijana wavuke mpaka wakaue. Mimi sauti hiyo sikuwahi kuisikia, wala yeye. Lakini folda ilikuwa yangu, na namba niliiandika mimi.

Habari ilinifikia adhuhuri. Sikiliza nilichokifanya, kwa sababu hili hata baba yako nilimweleza nusu tu. Kabla sijaenda kituoni kumtafuta ndugu yangu, kabla sijamwambia ayeeyo, bibi yako, kwamba mwanawe ameshikwa, nilifunga mlango wa kibanda kwa ndani na kuifuta kompyuta. Niliisafisha yote na kuweka Windows mpya. Humo ndimo ulimokuwa uhuru wa Dahir, Ifrah. Folda ile ile, mafaili yale yale, kirusi kile kile, tena chini ya mkono wa dada yake. Niliufuta nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, na nilipomaliza nilienda kupika. Flashi niliisahau tu. Ilikuwa nyumbani, niliitumia kubebea nyimbo za harusi.

Jioni nilimwambia baba yako kwamba faili huenda limetoka kwangu. Akasema, "Ukisema, watakuchukua wewe. Ifrah ana miaka tisa." Alisema kwa mapenzi, Mungu amrehemu, na sitaki umkasirikie aliye kaburini. Nimemkasirikia mimi vya kutosha. Na hata hivyo mdomo uliofungwa haukuwa wake.

Siku ya kesi nilikaa benchi la tatu. Mtaalamu alikuja na shati lililopigwa pasi na ripoti nene iliyotolewa na programu kama hizo zako. Akasoma kwamba faili limepatikana. Akasoma kwamba folda ilikuwa katika hali ya kufichwa. Hakimu akamuuliza kufichwa maana yake nini. Yule mtu akajibu, ninamsikia mpaka leo, "Maana yake mtumiaji hakutaka ionekane. Na mtu hafichi asichokijua."

Ifrah, nilikuwa na jibu. Katika chumba kile kizima hapakuwa na mwingine aliyejua nilichokijua. Folda zote za kadi ile zilikuwa zimefichwa, nyimbo za ngamia pia, Qurani pia! Nani anayeificha Qurani? Kirusi kiliziziba zote bila kuchagua, na nilikuwa nimewatolea watu folda zao mafichoni mara zisizohesabika. Vidole vyangu viliuandika ule mstari juu ya goti langu, chini ya jilbabu, herufi kwa herufi, mwanzo hadi mwisho, halafu vikaanza tena. Mdomo ukabaki umefungwa. Nilikuwa nimekumbatia mkoba kama mtu anayesubiri gari.

Abti yako alipoulizwa alijibu kwa Kiswahili, kwa sababu walimwambia akisubiri mkalimani kesi itaahirishwa. Akasimama wima na kusema, "Simu ni yangu. Kadi ni yangu. Lakini hiyo maneno mimi habana jua. Mimi nasikilisa nyimbo ya ngamia tu." Watu wakacheka. Si wote, lakini wengi, na yule mtaalamu naye akatabasamu akitazama karatasi zake. Ningekutana naye leo, ningemwambia neno ambalo hujawahi kulisikia kinywani mwangu. Kisha ningelazimika kujiambia neno hilo hilo mwenyewe, kwa sababu yeye alitabasamia asichokijua na mimi nilinyamazia ninachokijua.

Wakili wa abti yako alinipa nakala ya ile ripoti kesi ilipokwisha. Nimeisoma mpaka karatasi zimelainika kama kitambaa. Unajua kilichonikera kuliko vyote? Kila kitu kimo. Kuna ukurasa wa saa na dakika: mamia ya mafaili yameingia kwenye kadi ndani ya dakika chache, moja nyuma ya jingine, kama mbuzi wanaopita mlango wa boma. Mchungaji hafanyi vile akiwa amekaa chini ya mgunga. Vile hufanywa mezani, na kompyuta, na mtu wa kujaza. Kuna jina la kirusi chenyewe, liko kurasa za nyuma na ukubwa wake umeandikwa. Kuna aina ya simu, mulika mwizi ya kubonyeza, ambayo haiwezi kuifungua folda iliyofichwa hata uilazimishe; iliweza kucheza tu nyimbo zake chache za zamani za ngamia zilizokuwa nje ya folda. Kwa hiyo ulisema kweli, hooyo, kifaa hakikudanganya. Kilisema mambo mia, na mtu mmoja akachagua kusoma mstari mmoja. Na huyo mtu hakuwa mbaya sana, nadhani. Alikuwa na haraka, na alikuwa ameshajua jinsi mchungaji wa huku anavyofanana.

Abti yako alikaa ndani miaka sita. Ayeeyo alikufa mwaka wa nne, baada ya kutoka mlangoni kila gari liliposimama. Mke wake alisubiri, kisha ndugu zake wakaja kutoka Lafey wakamchukua, na sina la kumlaumu. Ngamia walitawanywa kwa jamaa watunzwe, na unajua jinsi mnyama wa kutunzwa anavyosahau mwenyewe. Ulikuwa na miaka kumi na mitano aliporudi. Uliniuliza kwa nini abti anatembea na mikono nyuma. Nikakuambia amechoka.

Mambo mengine uliyaona ukayacheka. Hashiki simu. Chumba alichokaa simu haiingii, na ndiyo maana pale mlangoni kuna lile beseni la bluu mnaloliita beseni la abti, kila anayeingia aweke yake humo. Habari zake huzituma kwa mdomo wa madereva wa malori pale Modogashe, na mnasema abti anaishi zama za Adamu. Ungecheka kama ungejua? Mimi kila nikiliosha lile beseni natamani kulipiga teke.

Ukimuuliza yeye, atakuambia ni qadar. Ameandikiwa. Mimi neno hilo likitoka kinywani mwake hunichoma, si kwa kuwa siamini maandiko ya Mungu, bali kwa kuwa anamtwika Mungu kazi ya mikono yangu na mimi niko pale, nimeshika birika.

Na kuna Gure. Unamjua, yule mzee mrefu wa kisima cha pili, aliyekua na abti yako tangu utotoni. Simu ilikaa kwake siku mbili abti alipokuwa na homa, kabla ya msako. Basi abti aliona ni nani mwingine? Aliamua Gure ndiye aliyeitia ile sauti. Tangu atoke hajampa salamu. Kisimani mmoja husubiri mwenzake amalize kunywesha ndipo asogee. Gure alimwoza mwanawe, abti hakwenda.

Mwaka juzi Gure alikuja hapa nyumbani wewe ukiwa chuoni. Alikaa mahali ulipo mto wako wa kijani. Akasema, "Habiba, wallahi sikuigusa ile kadi. Nimezeeka. Mwambie ndugu yako nisife na hili." Mzee alikuwa analia, Ifrah, machozi yanaingia kwenye ndevu za hina. Unajua nilimfanyia nini? Nilimmiminia chai. Nikamwongezea maziwa, nikasema Mungu ndiye ajuaye, nikamsindikiza mpaka kwenye tuktuk.

Ndivyo nilivyo. Wewe mwenyewe umeniona. Neno likiwa zito, mkono wangu huenda kwenye chupa ya chai. Ulipouliza kama baba yako atapona, ulipewa kikombe. Ulipouliza kwa nini nilifunga kibanda, ulipewa kikombe. Watu wanasema Habiba ni mkarimu.

Sasa niseme kuhusu hiyo kazi yako, halafu nikuache.

Sikukatazi. Nataka uende, na nataka uende ukiwa na hasira kidogo, maana naona wewe unakwenda ukiwa na furaha tupu. Utasimama pale aliposimama yule mwenye shati la pasi. Mbele yako ataletwa mtu wa kwetu, au wa kwingine, Kiswahili kimemponyoka, na watu watacheka. Wewe utakuwa umekula sahani moja na mtu wa namna hiyo maisha yako yote. Programu itakuandikia kwamba kitu kimefichwa. Uliza kimefichwa na nani. Uliza simu ile ingeweza hata kukifungua. Uliza mwenye kadi aliijazia wapi, na nani alikuwa amekaa upande wa pili wa meza. Ukifika mahali usipojua, andika sijui, neno zima, na jina lako chini yake, hata kama mkubwa wako atanuna. Yule mtaalamu hakuwa na neno hilo katika ripoti yote. Nimelitafuta.

Na utazame mabenchi. Pale nyuma mara nyingine atakuwepo mwanamke anayetazama magoti yake. Usimhurumie. Muulize jina lake na umwambie wakili amwite.

Wewe pia nimekukasirikia, na nitasema kwa nini. Uliicheka ile flashi kabla hujauliza ni ya nani. Ulimwita mwenyewe mshamba, ukacheka, na kirusi kile kile kilichokufurahisha kilimla mjomba wako miaka sita. Siku hiyo ulifanana na yule mtaalamu mpaka nikaogopa. Ulikuwa na mtandio wangu kichwani na maneno yake mdomoni. Hukujua, ndiyo. Hata yeye hakujua.

Hiyo nakala usiifute. Nakujua, una moyo wa kunifichia. Ulipokuwa na miaka sita ulisema wewe ndiye uliyevunja chupa yangu ya manukato, kumbe niliivunja mimi mwenyewe, na baba yako akakukemea wewe nami nikaacha. Safari hii usinifichie. Itunze na muhuri wake wa namba. Flashi yenyewe nimeiweka kwenye bahasha hii pamoja na barua, sijaichomeka popote. Sikumbuki kama namba saba imo. Naogopa iwe imo na naogopa isiwemo. Wakili bado yuko mjini, ingawa sasa anatembea na fimbo. Kama mahakama yaweza kusikiliza jambo baada ya miaka yote hii, au kama watanichukua mimi, sijui. Unaona, nimeliandika.

Najua utafikiri kama alivyofikiri baba yako, kwamba nina mtoto. Mtoto huyo alikuwa na miaka tisa. Sasa ana kazi, na sanduku, na anavuka daraja la Tana kesho kwa miguu yake mwenyewe akienda kwenye basi. Sababu yangu imekua ikaondoka nyumbani. Nimebaki mimi na ndugu yangu.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku. Ukirudi utaiona, na utaisoma leo, usingoje basi. Nitakuwa jikoni na sitatoka kukuuliza umefika wapi.

Kesho saa moja asubuhi abti atafika na gari la maziwa. Ametuma neno kwa dereva kwamba anakuletea maziwa ya ngamia ya safari na kwamba mtu asifunge sanduku lako ila yeye. Nimeshalifunga, atalifungua na kulifunga upya, tutabishana kuhusu mafundo. Utaiweka simu yako kwenye beseni. Yeye atasimama karibu na mlango kama kawaida yake, mikono nyuma mpaka nimwambie aketi. Basi lako ni saa tatu. Ninao muda wa kutosha kusema sentensi moja: Dahir, kadi niliijaza mimi, na kirusi kilichoficha kilikuwa changu, na nilijua. Nimeihesabu kwa vidole. Ni fupi kuliko ule mstari wa dirisha jeusi.

Lakini najijua. Nitauliza habari za mbuzi. Nitauliza kama mvua imefika upande wao na kama barabara imekauka. Nitasema maziwa ni mazito mwaka huu. Halafu mkono wangu utakwenda kwenye chupa ya chai.

Hapo, hooyo, ninyang'anye. Abti akishangaa, ashangae. Nikikutolea macho, usiyajali; umeyaona maisha yako yote na hayajakuua. Itoe hiyo chupa mkononi mwangu, uiweke mlangoni kwenye beseni pamoja na simu, kisha urudi ukae kando ya abti, unitazame mimi.

Salamu zako nimekuwekea. Nitakupa nikishamaliza kusema, kama bado utazitaka.

Hooyo wako,
Habiba